Fedha za gugumaji: jinsi bichi inavyoweza kuzitafuta, kuzitumia na kuzihesabu

Kando ya Ghuba ya Winam, upande wa Kenya wa Ziwa Victoria, kutoka Usoma na Dunga hadi Kendu Bay, pesa za kung'oa gugumaji, mmea unaoelea na kufunika maji, hupatikana. Zinazokosekana ni pesa za kulizuia lisirudi. Mfadhili hulipia siku ya usafi, watu huvaa glovu mpya, picha hupigwa, na baada ya miezi miwili boti zimekwama palepale. Mwongozo huu ni wa BMU (vikundi rasmi vya kusimamia bichi, yaani mahali wavuvi wanaposhushia samaki), vyama vya watumiaji wa maji na vikundi vya wauza samaki wanaotaka kuomba pesa za mwaka mzima badala ya pesa za Jumamosi moja.

Anzeni na mizani, barua baadaye

Anayesoma "tunaomba msaada wa kuondoa gugumaji ziwani" hajui mnaomba nini. Ziwa Victoria lina takriban kilomita 68,800 za mraba, na hata ile asilimia 6 iliyo upande wa Kenya hakuna kikundi kinachoiweza. Chagueni eneo mnaloweza kulilinda: mahali pa kushushia samaki, njia ya boti, sehemu ya kuchotea maji, mdomo wa kijito. Pigeni vigingi au chukueni alama za GPS kwa simu, na mwandike wazi kwamba nje ya hapo si kazi ya mradi huu. Mafunjo yaachwe nje ya mpaka. Yanachuja uchafu, yana ndege na mazalia ya samaki, na ofisa wa NEMA, mamlaka ya mazingira, akikuta yamekatwa, mradi utaishia hapo.

Kisha pimeni uzito. Tengenezeni fremu ya mbao au ya mabomba ya plastiki yenye upande wa mita 1. Iwekeni juu ya gugu mahali panne tofauti: ukingoni, katikati, palipokomaa na penye miche. Kila mara kateni kuzunguka fremu, toeni kila kilichomo pamoja na mizizi, kiacheni kichuruzike dakika 10, halafu kipimeni kwa mizani ya kuning'iniza, ile ya kupimia samaki. Gugu lililoshonana hutoa kilo 20 hadi 40 kwa mita moja ya mraba. Tumieni wastani wenu wenyewe wala msinakili wa bichi jirani, kwa sababu gugu lililo karibu na mkondo wa maji taka hunenepa kuliko lililo kwenye maji wazi.

Pimeni pia nguvu ya watu. Wekeni watu wanne asubuhi moja, mhesabu kilo ambazo kila mmoja amefikisha mpaka mahali pa kurundika. Umbali wa kubeba ndio unaoamua: tope la mita 20 na tope la mita 80 ni kazi mbili tofauti kabisa, na bajeti nyingi hufa hapo kwa sababu aliyeziandika alihesabu kuvuta tu, akasahau kubeba.

Bajeti yenye miezi 12

Chukueni mfano huu, kisha mbadilishe namba ziwe zenu. Eneo ni mita 50 kando ya ufuo kwa mita 20 kuingia ziwani, yaani mita 1,000 za mraba. Kwa kilo 25 kila mita, mna tani 25. Mtu mmoja akitoa kilo 500 kwa siku, hizo ni siku 50 za kibarua. Kwa Sh600 kwa siku, kusafisha mara ya kwanza kunagharimu Sh30,000 za vibarua.

Sasa tazameni upande wa pili. Gugu kwenye maji yenye rutuba na joto la kwetu linaweza kujizidisha maradufu ndani ya wiki mbili. Mkiacha asilimia 5 tu, mita 50 za mraba zilizojificha kwenye kona ya mafunjo, baada ya wiki mbili ni 100, baada ya wiki nne ni 200, baada ya wiki sita ni 400, na baada ya wiki nane ni 800. Hapo hatujahesabu linaloletwa na upepo kutoka kwingine. Kwa hiyo watu wanne, siku mbili kwa wiki, wiki nne, ni siku 32 za kibarua kwa mwezi, yaani Sh19,200. Kwa mwaka ni Sh230,400. Ulinzi unameza zaidi ya mara saba ya pesa za kung'oa, lakini katika maombi mengi haumo kabisa. Mkimwonyesha mfadhili hesabu hii katika ukurasa wa kwanza, mmekwisha kujitofautisha na wengine.

Akiuliza kwa nini mwaka mzima, historia ya ghuba inajibu. Gugu hili la Amerika Kusini lilionekana Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, na kufikia 1998 lilikuwa limefunika takriban hekta 17,000 za Winam. Lilipungua sana, kisha likarudi baada ya mvua kubwa za mwisho wa 2006. Mbegu zake hukaa hai topeni kwa miaka 20 na zaidi. Mkishaondoa kifuniko, jua linafika kwenye tope la ukingoni na miche inachipuka, kwa hiyo wiki ya nne hadi ya sita baada ya usafi wekeni siku maalumu za kung'oa miche. Ni kazi nyepesi, na ndiyo inayosahaulika.

Mambo mengine ya kutia kwenye bajeti: reki zenye mpini mrefu, uma za samadi, mapanga, kreti, wilbaro zenye tairi pana, kamba ya manila, gambuti na glovu, jaketi za kujiokolea kwa kila anayepanda boti, mafuta ya injini, na mtu wa kuangalia viboko na mamba. Kamwe huyo wa mwisho msimtoe ili kupunguza gharama. Chini ya gugu hukaa pia nyoka, na konokono wa kichocho hupenda mizizi yake, kwa hiyo tengeni pesa za kupima wafanyakazi kichocho kwenye zahanati.

Nani alipe

Kabla ya kumwandikia mtu wa mbali, andikeni orodha ya wanaopoteza pesa gugu linapofunga, na mbele ya kila jina muweke hasara moja inayohesabika. Mwenye boti ya watalii anajua safari ngapi zimevunjika. Mvuvi anayezunguka gugu anajua ni lita ngapi za petroli za ziada amechoma na ni nyavu ngapi zimekokotwa na kisiwa cha gugu usiku. Mwenye vizimba vya tilapia ana hofu ya oksijeni, kwani gugu likizingira vizimba hewa ya majini hushuka na samaki hufa. Kampuni ya maji inayovuta kutoka ziwani hulipia zaidi kuyasafisha. Hao wote si wafadhili wa hisani. Wanalipia kitu kinachowauma, kwa hiyo huendelea kulipa mwaka wa pili.

Si kila mtu bichini anachukia gugu, na mkutano usioligusa jambo hili hupata migomo ya chinichini. Kamongo na mumi hustahimili maji yenye hewa kidogo, na wanaowavua mara nyingi hupata zaidi gugu likiwepo. Wasikilizeni mapema, na mkubaliane ni pande zipi hazitaguswa.

Tozo ya mizani ndiyo pesa inayotegemewa kuliko zote. Tuseme bichi inashusha wastani wa kilo 350 kwa siku: Sh2 kwa kila kilo, siku 26, ni Sh18,200 kwa mwezi, karibu gharama yote ya ulinzi katika mfano wetu. Ipitishwe na mkutano mkuu wa BMU, iandikwe kwenye kumbukumbu pamoja na idadi ya waliohudhuria, na ikatwe palepale kwenye mizani na karani anayepima. Ikiachwa ikusanywe jioni nyumba kwa nyumba, haifiki wiki ya tatu. Muweke pia kikomo cha muda, labda miezi sita, kisha mkutano uamue upya. Watu hulipa kwa moyo zaidi wanapojua tozo ina mwisho.

Harambee ya mtandaoni, kwa mfano kupitia M-Changa, inafaa kwa vifaa na si kwa mishahara. Jamaa walio Nairobi au ughaibuni huchangia haraka wakiombwa jaketi 10 zenye bei iliyotajwa, na huchoka haraka wakiombwa "kuunga mkono mradi".

Karatasi zinazotakiwa

Kama ninyi si BMU, jisajilini kama kikundi cha jamii katika ofisi ya maendeleo ya jamii ya kaunti ndogo, chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022. Mnahitaji wanachama wasiopungua 10, katiba, kumbukumbu za mkutano uliochagua viongozi, na nakala za vitambulisho. Cheti kina tarehe ya mwisho. Maombi mengi hukataliwa kwa cheti kilichopitwa na muda. Baadaye chukueni PIN ya kodi ya KRA kwa jina la kikundi na mfungue akaunti ya benki yenye watia saini watatu, wawili wakitosha kutoa pesa. Namba ya M-Pesa iwe ya kikundi. Pesa zikipita kwenye simu ya mweka hazina, hata akiwa mtu safi, mkaguzi hawezi kuzitenganisha na za nyumbani kwake.

Nendeni NEMA na ofisi ya uvuvi ya kaunti mkiwa na ramani yenu, mpate barua ya kutokuwa na pingamizi. Kung'oa kwa mikono katika eneo dogo kwa kawaida hakuleti shida. Dawa ya kuua magugu ni habari nyingine: msiiguse. Mbali na sheria, gugu lililokufa likiwa majini huoza kwa pamoja, hula oksijeni, na samaki huelea asubuhi.

Kalenda ya kaunti

Vikundi hupeleka barua kwa mwakilishi wadi mwezi wa Mei, bajeti ikiwa tayari iko bungeni. Mwaka wa fedha huanza 1 Julai, lakini mlango hufungwa mapema zaidi. Mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa kwenye bunge la kaunti kufikia 1 Septemba ya mwaka uliotangulia. Taarifa ya mkakati wa fedha kufikia 28 Februari. Makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili. Ombi lenu liingie kabla ya Septemba, kwa maandishi, likitaja wadi, jina la bichi, ukubwa wa eneo na kiasi cha pesa. Someni kwanza mpango wa kaunti wa miaka mitano, 2023 hadi 2027, mtafute kipengele kinachotaja usafi wa ziwa, uvuvi au mazingira, kisha mtumie maneno yake. Ofisa wa mipango atawapenda kwa kumrahisishia kazi.

Katika mikutano ya hadhara msipeleke watu 40 wa kushangilia. Pelekeni wawili wenye karatasi moja yenye namba, na mmoja adai nakala yake igongwe muhuri wa kupokelewa.

Kaunti zilizo kwenye FLLoCA, mpango wa kufadhili kazi za tabianchi mashinani, hutakiwa kutenga angalau asilimia 1.5 ya bajeti ya maendeleo kwa ajili ya tabianchi, na miradi huanzia kwenye kamati za wadi. Huko gugu lenyewe halitoshi kuwa hoja. Liunganisheni na mafuriko, maji safi na riziki, kwa sababu kamati hupima hayo. Mfuko wa Amana wa Sekta ya Maji hufadhili vyama vya watumiaji wa maji vyenye mpango wa kijito chao, na hii ndiyo njia nzuri kwa walio juu kwenye mito ya Nyando au Sondu, ambako udongo na mbolea inayolisha gugu hutoka. Programu ya ruzuku ndogo za GEF, mfuko wa mazingira wa dunia, inayosimamiwa na UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, kwa miaka mingi imetoa hadi dola 50,000 kwa mradi, na hupenda kuona mchango wa kikundi chenyewe. Tozo yenu ya mizani ndiyo mchango huo. Ambatisheni taarifa ya M-Pesa ya miezi mitatu.

Kazi majini

Bajeti mlihesabu kwa siku, lakini wabebaji walipeni kwa kreti. Mkilipa kwa siku, kasi hushuka saa nne asubuhi. Hata kreti ina ujanja wake: gugu likipakiwa likiwa linatiririka, au tope likiachwa kwenye mizizi, mnalipia maji. Weka meza ya chaga ufuoni, kila kreti ichuruzike dakika 10 kabla ya kupimwa, na karani atikise fungu la juu kuangalia tope. Wasiojiweza kubeba wapewe kazi ya kupima na kuandika, kwa malipo ya siku.

Anzeni asubuhi na mapema, kwa sababu upepo wa mchana hutoka ziwani na kurudisha gugu ufuoni. Vuteni kutoka ukingo wa nje kuja ndani. Msikatekate majini: mmea mama na vitoto vyake vimeunganishwa kwa vikonyo vinavyotambaa, na kila kipande chenye taji, yaani kitovu majani yanapotokea, ni mmea mpya. Panga litumike tu kugawanya zulia katika vipande vya kuvutwa kwa kamba, na baada ya kukata boti moja ipite na wavu wa mkono kuokota vilivyobaki.

Kizuizi kinachoelea huokoa kazi nyingi. Kwa mita 60 mnahitaji mitungi ya plastiki ya lita 20 takriban 40, iliyofungwa vizuri na kupangwa kila mita moja na nusu kwenye kamba nene ya manila, na nanga za zege za kilo 50 hivi kila mita 10. Wavu wa kuning'inia chini uwe mzito na wa kina cha nusu mita tu. Wavu mwembamba wa plastiki utanasa ndege na samaki, na ni kinyume cha sheria. Acheni mlango wa boti wenye ncha mbili zinazopishana. Mwisho mmoja ufungwe kwa fundo linalofunguka haraka. Kisiwa cha nusu hekta kina uzito wa zaidi ya tani 100. Kikisukumwa na upepo kitakata kamba au kung'oa nanga, na ni afadhali kukiachia kipite. Wajulisheni walinzi wa pwani, KMA (mamlaka ya usafiri wa majini) na bichi jirani kabla ya kukiweka, na mtundike vitambaa vyeupe na taa usiku.

Fukusi

Fukusi ni wadudu wadogo wanaokula gugu. Aina mbili za jenasi ya Neochetina zililetwa Kenya katika miaka ya 1990 kupambana nalo, na bado zimo ziwani. Fukusi aliyekomaa ana urefu wa milimita 4 hadi 5, ana rangi ya kijivu au hudhurungi, na mchana hujificha kwenye moyo wa mmea. Tafuteni makovu madogo yaliyopauka kwenye majani, na mpasue kikonyo muone mifereji ya viwavi. Wanadhoofisha gugu kwa miaka, si kwa wiki. Tatizo ni kwamba kila kreti mnayotoa huwatoa na wao. Kwa hiyo tengeni kona iliyotulia, nje ya njia ya boti, isiyovunwa, ili wazaliane na kusambaa. Kama hakuna makovu kabisa, ulizeni KALRO, taasisi ya utafiti wa kilimo, kuhusu kupata fukusi wa kuanzia. Beseni chache na mtu mmoja wa kuzitunza zinatosha kuanza.

Walio Naivasha wakumbuke kwamba huko kuna pia gugu la Salvinia, ambalo lina fukusi wake tofauti. Wale wa gugumaji hawaili Salvinia.

Tani 25 zinaenda wapi

Msirundike ufuoni. Rundikeni juu ya alama ya mafuriko ya 2020, la sivyo mvua itarudisha mbegu na rutuba majini. Zaidi ya asilimia 90 ya gugu ni maji: lianikeni siku tatu hadi tano linyauke, kisha mpange tabaka za sentimita 30 mkibadilishana na samadi ya ng'ombe, rundo lifike mita moja na nusu. Ligeuzeni kila wiki mbili. Chuma kilichochomekwa katikati kikitoka cha moto usioshikika, mbegu zinakufa. Kikitoka vuguvugu, rundo ni dogo mno, limekauka au limelowa kupita kiasi. Mboji huwa tayari kwa miezi miwili hadi mitatu. Gugu hunyonya metali nzito, kwa hiyo lililotolewa karibu na maji taka au viwanda litumike kwenye miti na maua. Msilishe ng'ombe wala kuweka kwenye sukuma kabla ya kupima maabara.

Vikapu, viti, karatasi na gesi ya kupikia vyote hutengenezwa kwa gugu, na ni biashara halali. Ila msimwahidi mfadhili kwamba mauzo yatalipia uondoaji. Msusi hutaka vikonyo virefu tu, vilivyo safi. Tani 25 mbichi zikikauka hazifiki tani mbili na nusu, na nyingi ni mizizi na majani asiyoyataka. Vikapu viwe na hesabu yake tofauti.

Ripoti

Wekeni kigingi kimoja cha rangi nyekundu, na kila Ijumaa mtu apige picha akiwa amesimama hapo, akielekea upande uleule. Ambatisheni kreti zilizotolewa, siku za boti zilizokwama, na pesa zilizotumika kwa kila tani. Kila malipo yawe na vocha, jina, na saini au alama ya dole. Namba za vitambulisho zibaki kwenye faili la kikundi, zisibandikwe ukutani. Kinachobandikwa kwenye banda la mizani kila mwezi ni jumla: zilizoingia, zilizotoka, zilizobaki. Uchaguzi wa BMU ukikaribia, mbadilishe watia saini wa benki ndani ya wiki ya kwanza baada ya matokeo, mkiwa na kumbukumbu za mkutano mkononi. Akaunti iliyofungiwa kwa jina la katibu wa zamani inaweza kusimamisha vibarua kwa mwezi mzima, na gugu linahitaji wiki mbili tu.